Kiraka

Tulianzia kwenye gurudumu.
Hoza alileta baiskeli yake, rimu imepinda kama mdomo wa mnuno,
Ngamiani, barabara ya kumi na nane, jua la saa saba.
Nikaigeuza miguu juu, nikagonga spoki mojamoja nikisikiliza,
maana gurudumu halinyooshwi kwa macho peke yake.
Ting. Ting. Tung.
"Hiyo imelegea," akasema mtu nyuma yangu,
dada aliyekuja kujaza upepo tu,
fidla mgongoni, ndani ya mfuko wa unga.
Nikakaza robo mzunguko. Akatikisa kichwa. Nikakaza tena.
Hoza naye keshaanza kupiga tandiko kwa viganja,
na pale, bila mtu kumwalika mwenzake,
spoki thelathini na sita zikapata kazi isiyo yao.

Dada yule ni Mwanatumu. Fidla ni ya shangazi yake,
aliyepiga maharusini na kina mama wa Makorora
hadi baridi yabisi ilipomfunga vidole.
Hoza kazaliwa kambini, mkonge mbele, mkonge nyuma,
kalelewa na mvumo wa korona
(si ugonjwa, mashine ile ya kukamulia majani);
hadi leo ngoma yake inameza, inatema, inameza.
Eliamini tulimtoa kwaya ya Kilutheri, au niseme tulimwazima,
Jumapili tunamrudisha;
kaja na kinanda chenye vitufe viwili bubu
na tabia ya kusubiri wengine wavute pumzi.
Kijazi alikuwa na gitaa, na mdumange wa bibi yake,
na haraka.
Mimi besi. Niliijua kabla sijaigusa:
redio ya jirani ilibaki na maneno,
mvumo ukapita ukutani ukaja kulala kwangu.

Juu ya mlango wa karakana tuliandika kwa chaki:
ALIYELETA WIMBO ASIUSHIKE.
Yaani ukija na sauti uliyoiota, mpe mwenzio,
kaa pembeni, tafuna karanga, tazama anavyokuharibia.
Wa kwanza kununa nilikuwa mimi.
Nilileta kitu cha polepole, mama kalazwa Bombo,
Hoza akakitia miguu kikaanza kukimbia.
Nikatoka nje, nikaziba pancha tatu za watu bila salamu.
Niliporudi walikuwa bado wanakikimbiza,
na katikati ya mbio zile nikamsikia mama
akiuliza nani kala kitumbua chake.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa.
Wahenga hawakutuambia habari ya vidole vitano na chawa mmoja,
saa sita usiku, mwenye nyumba anagonga dirisha:
fidla iingie wapi, nani aanze kutajwa,
fedha ya harusi ya Duga igawanywe mara tano
au mara sita, ya sita iwe ya nyuzi.
(Tukagawa sita.)
Na jina. Kijazi alitaka jina zito, lenye simba ndani yake.
Mwanatumu akatazama benchi, kopo la solusheni, vipande vya mpira,
akasema sisi ni Kiraka, basi, na akaenda zake kulala.

Kijazi aliondoka baada ya Idi.
Hakugomba. Alikunja waya wake vizuri,
akaiaga ngoma kwanza, ndipo akatuaga sisi.

Kazini, nikitafuta tundu, nazamisha tyubu kwenye beseni,
natazama mapovu yanatokea wapi, naweka kidole, naziba.
Mkono wangu haujui kuliacha tundu.
Lakini kwenye ule wimbo wa mbio kuna mapigo manane yaliyokuwa yake.
Eliamini angeyajaza, mkono wake wa kushoto hauna shughuli pale.
Mwanatumu angeyajaza akitaka.
Hakuna aliyeyagusa.
Tukifika hapo tunanyamaza, manane kamili,
Hoza akihesabu kwa kidevu,
na watu wa mbele wanatazamana, wanadhani umeme umekatika,
na daima kuna mtoto mmoja
anayepiga makofi mapema.